Shati Lililonukia Udi

Kambi ilikuwa ya siri, na kila muuza mahamri wa Marereni aliijua. Ilipigwa nyuma ya mashamba ya chumvi, mahali ambapo ardhi ni nyeupe hata ukiitazama adhuhuri macho yanakutoka machozi bila ya kuonewa na mtu. Bango hapana, bendera hapana. Palikuwa na mahema, na ghala moja kuukuu la chumvi lililokwisha kazi zamani, na kikosi cha askari wa miavuli waliokuwa wakingoja kupandishwa ndege, warushwe nyuma ya adui ng'ambo ya mpaka, washike daraja moja lisivunjwe mpaka wenzao wa nchi kavu wafike. Huko watakakokwenda hawakuambiwa jina lake. Waliambiwa "Kule", nao wakazoea kusema Kule.

Joto la pale, jamani, si la kusimulia. Lilipanda kutoka chini likitikisa nguzo na mahema na watu, mpaka mtu aliyekuja kwa mbali ukamwona hana miguu, anaelea tu. Na siku nazo zilielea vivyo hivyo. Asubuhi mazoezi, mchana usingizi wa mang'amung'amu, alasiri kutembea katika Kule ya chumvi.

Maana Meja Odera, mkubwa wao, aliwafanya waijenge Kule nzima kwa chumvi, uwanjani, nyuma ya ghala. Vilima vya chumvi, mto wa kitambaa cha buluu, nyumba za visanduku vya kiberiti, na daraja la vijiti vya mishikaki. Wakivua viatu wakatembea humo polepole, wanaume wazima na ndevu zao, kila mmoja akiifuata njia yake kutoka pale atakapoangukia hadi darajani, kwanza macho wazi, halafu macho yamefumbwa. Walitembea humo mpaka wakawa wakilala wanatembea humo humo. Taib aliota ndoto moja kila alipofumba jicho. Amefika darajani, chumvi inaanza kuyeyuka chini ya nyayo zake, na upande wa pili amekaa mamake akishona kofia, na hainui macho kumtazama.

Sajini Taib alikuwa mtoto wa Malindi, mtaa wa Shela. Kutoka kambini hadi kwao, angetoka baada ya chai akafika kabla wali haujaiva. Lakini simu zilikwisha kusanywa, kutoka kulikatazwa, na kuaga ndiko kulikokatazwa zaidi. Kwa hivyo alikuwa kwao na hayuko kwao. Upepo ukivuma kutoka kusini alisimama nje ya hema amekodoa macho, na wenzake walidhani anatazama ndege.

Mamake, Bi Zuleikha, ni mshona kofia, na vidole vyake vinajulikana mpaka Lamu. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Faris, ndiye aliyeingia jeshini kwanza. Siku ya kwenda vitani alikuja akapiga magoti mbele ya mamake, akasema, "Mama, niwie radhi," naye Bi Zuleikha akampa, kwa kinywa kipana na machozi juu yake: "Radhi yangu kunjufu, mwanangu. Nenda urudi." Faris akarudishwa ndani ya sanduku. Mwaka haujapinduka, Taib naye, kichwa kigumu huyo, akajiandikisha jeshi lile lile.

Siku alipokuja kuaga, Bi Zuleikha hakulia wala hakupiga kelele. Angalau angepiga kelele, Taib angejua la kufanya. Alikuwa ameshika kofia, akachoma sindano, akavuta uzi, akasema: "Faris nilimpa radhi kwa kinywa hiki, na uliona. Basi nimekula yamini, Taib. Wewe, maadamu umevaa nguo hizo, radhi yangu hutaisikia kinywani mwangu." Akaendelea kushona. Taib akatoka na begi lake.

Baada ya hapo walisemezana kwenye simu kama majirani waliogombana wakapatanishwa kwa nguvu. "Mzima?" "Mzima, mama." "Umekula?" "Nimekula." "Haya." Simu ikakatwa. Radhi hakuisikia, hata harufu yake.

Mtu wa bara anaweza kuuliza, hiyo radhi ni kitu gani hata sajini mwenye bunduki akose raha? Na aulize, si dhambi. Kwetu mtoto hasafiri, haoi, hafungui hata kibanda cha viazi karai, mpaka aseme mama niwie radhi. Mama akisema nimekuwia, unakwenda na mtu nyuma yako. Asiposema, unakwenda peke yako hata mkiwa kikosi kizima. Taib aliruka kutoka ndegeni mara nyingi katika mazoezi na hakuogopa, maana mazoezi ni mazoezi. Lakini Kule hakukuwa mazoezi, na kila siku iliyopita alijua inamkaribisha kwenye mlango wa ndege bila ya neno lile moja. Alilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji, na hakuona njia ya kulipata.

Rafiki yake kambini alikuwa Koplo Musembi, Mkamba wa Mwingi, mkunja miavuli. Kazi ya Musembi ilikuwa humo ndani ya ghala. Alitandika turubai refu, akaulaza mwavuli, akanyoosha kamba moja moja kwa vidole, akakunja kitambaa pindo juu ya pindo, polepole, midomo inachezacheza. Jeshini kuna ada: mkunja mwavuli anaweza kuambiwa wakati wowote, haya, vaa huu ulioukunja mwenyewe, uruke nao. Kwa hivyo Musembi alikunja kila mmoja kana kwamba ni wake. Chumvi ndiyo iliyomtia wazimu.

"Chumvi mle, chumvi huku," alilalamika akipangusa turubai kwa mara ya mia. "Nani mwenye akili anaweka miavuli ghala la chumvi? Chumvi inakula kila kitu. Juzi nimekuta iko ndani ya soksi, na soksi ilikuwa sandukuni."

"Wewe ungeishi Malindi ungelia," Taib akasema. "Kwetu chumvi imekula mpaka komeo la mlango."

"Na mama yako? Hujaenda kumsalimia, na ni hapo tu?"

"Marufuku, si unajua?"

"Najua. Nauliza moyo, siulizi sheria."

Taib akamweleza yote, Faris, kofia, yamini. Musembi aliacha kukunja akasikiliza. Mwisho akasema, "Sisi mama anakutemea mate kifuani, unaenda. Kavu hivyo bila kitu, mimi singeruka." Kisha akaona amesema vibaya, akarudia kamba zake.

Siku ya zoezi la mwisho ndege iliwapandisha asubuhi, bahari upande mmoja, ukungu mwembamba juu ya vichaka upande wa pili. Taib alitoka mlangoni, mwavuli ukafunguka, na dunia yote ikanyamaza. Huko juu hakuna sauti, jamani. Unaning'inia, unapepea, miguu yako inatazama mashamba ya chumvi yaliyogawanywa viraka viraka, mengine meupe, mengine ya waridi, mengine kijani. Na mbali, kusini, akaiona Malindi. Mji mzima ukawa mdogo wa kutosha kiganja, umelala kando ya maji na mabati yake yanameremeta. Akatafuta Shela. Akajitia kuiona nyumba, akajitia kuona na nguo zilizoanikwa darini, akawa anaitazama nguo moja nyeupe ambayo pengine haikuwa nguo, na akasahau kabisa kwamba anashuka.

Upepo ukamchukua pembeni. Akaangukia kwenye mgunga, miba ikamkwaruza, na shati lake la ndani, lile la kijani, likachanika ubavuni kutoka kwapa hadi kiunoni. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

"Sajini Taib! Adui wetu ni mgunga?"

"Chekeni," alisema akijinasua. "Mgunga una haki zake."

Lakini alipolivua shati akaketi nalo mkononi, likamjia wazo. Shati lile lilikuwa na kiraka cha zamani begani, alichokishona mwenyewe kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa kofia aliofunzwa na mamake alipokuwa mtoto wa kukaa mkekani. Ubavu nao unataka kushonwa. Na nguo za kambi zilifuliwa na Nyevu, mama wa Kigiriama wa hapo Marereni, aliyekuja kuzichukua kwa marobota na siku za soko hupanda gari kwenda Malindi kuuza maembe yake. Akilini mwake Taib akasema: sitavunja amri. Sitasema mimi nani wala naenda wapi. Nitachukua tu mshono wa mkono wake nivae ubavuni. Neno sina, basi angalau uzi.

"Shikamoo, mama Nyevu."

"Marahaba, mwanangu. Leta hizo chafu."

"Hili limechanika. Ukienda Malindi, yuko bibi mmoja Shela, mshona kofia, nyumba yenye mlango wa buluu. Mshono wake mzuri. Mpe atie uzi. Usimwambie ni la nani."

Nyevu akalitazama shati, akamtazama yeye. Ni mwanamke aliyefua nguo za watu miaka, na nguo humwambia mambo. "Na akiniuliza?"

"Sema la mteja."

"Haya. La mteja," akasema Nyevu, na akalikunja peke yake, halikutiwa pamoja na mengine.

Siku hizo za kungoja ziliyeyuka moja ndani ya nyingine. Meja Odera akawakusanya na kutoa amri mpya. Kuanzia hapo hakuna sabuni ya kunukia, hakuna mafuta, hakuna marashi, hakuna sigara, hakuna kitunguu saumu. "Kule ni porini," alisema. "Watu wa kule wamekaa porini mpaka pua zao zimekuwa macho. Mtu akipaka kitu, watatusikia kabla hawajatuona. Chochote kitakachotembea Kule, kisinuke." Wakaoga kwa maji matupu na majivu. Wakawa hawana harufu, kama vyombo. Walikaa kivulini wakiongea kwa sauti za chini, wakasahau tarehe, na kuna wakati Taib alimwona Musembi akivuka uwanja wa chumvi akadhani ni Faris. Akamwita kwa lafudhi ya kwao, "Ndoo!" Musembi akaingia ghalani akatoka na ndoo ya maji.

"Nimekuita uje, wewe!" Taib akasema akicheka hata machozi yakamtoka.

"Si umesema ndoo?"

"Ndoo ni njoo. Kwetu."

"Lahaula," alisema Musembi, maana na neno hilo alikwisha jifunza kwake. "Nyinyi mtatuua."

Robota la nguo likarudi kuamkia siku ya mwisho, Nyevu amelibeba kichwani. Shati la Taib lilikuwa peke yake, limefungwa ndani ya kipande cha leso. Akafungua fundo.

Udi.

Si udi wa dukani. Kila nyumba ya Shela ina udi wake wa kupika, sukari na sandali na ambari na mambo mengine ambayo hayasemwi mbele ya wanaume. Wa Bi Zuleikha ulijulikana mtaa mzima kwa sababu sukari yake huiacha motoni ikaungua kidogo, kila mara, na mashoga zake wamemcheka kwa hilo tangu ni mwari. Taib akauzamisha uso wake ndani ya shati, na hapo hapo akawa mtoto, ni asubuhi ya Idi, nguo zimetandazwa juu ya tenga na chini yake chetezo kinafuka, na Faris anamsukuma apate kuvaa wa kwanza. Ubavuni palikuwa na mshono mdogo mdogo, umenyooka, huwezi kuuona mpaka uuguse.

"Alisema nini?" akauliza.

Nyevu akakaa juu ya robota. "Hakusema kitu, mwanangu. Alilipokea, akalikunjua. Akakiona kile kiraka cha begani. Akakitia kidole, akakipitisha, akakirudisha. Mimi nimesimama. Halafu akanikaribisha chai. Akashona, hakuinua macho. Alipokwisha, akatia mkaa, akalifukiza. Akalifukiza sana, hata jirani alikuja kuuliza kuna harusi gani. Nikamwambia, bibi, nikamwambieje mteja? Akasema, mwambie fundi hana la kusema."

"Hakutaja radhi?"

"Hakutaja."

Taib akawa na furaha na akawa na kidonda, vyote pamoja. Huenda ni ada yake tu, alijisemea. Huenda kila nguo anayoshona huifukiza, mteja apendezwe. Fundi hana la kusema. Akalivaa lile shati ndani ya nguo zake, kwani hakuweza kutolivaa, akaenda ghalani kumtazama Musembi akikunja.

Musembi akainua pua. "Nini hii? Ni wewe?"

"Mama."

"Eh! Na inaisha lini?"

"Haiishi upesi. Akifukiza nguo moja akaitia sandukuni katikati ya nguo nyingine, kesho yake sanduku zima linanukia."

"Ala!" alisema Musembi, akaendelea kupangusa chumvi.

Adhuhuri ile Meja Odera akawapanga mstari kwa ukaguzi wa mwisho. Alipita mbele yao taratibu, mikono nyuma, akitazama buti, mikanda, macho. Katikati ya mstari akasimama. Akavuta pumzi.

"Nani ananuka?"

Askari wakatazamana. Kila mmoja aliwaza majivu aliyojisugua.

"Nimeuliza, nani ananuka hapa?"

Na Taib, wallahi, hakujitokeza. Si kwa uoga. Katika lugha aliyonyonya, kunuka ni kwa samaki aliyelala na soksi za Musembi, na shati la mamake halinuki. Alisimama wima, moyo mweupe kabisa, akingoja mnukaji ajulikane. Meja akamfikia, akainamisha pua kwenye kola yake.

"Sajini! Si ni wewe unanuka?"

"Hapana, afande. Mimi nanukia."

Mstari mzima ukavunjika kwa kicheko, mpaka watu wakashika mbavu. Meja Odera hakucheka. Alingoja watulie, na walitulia upesi.

"Nasikia udi," akasema polepole. "Nyinyi mnasikia?"

"Tunasikia, afande!"

"Sajini Taib, wewe unasikia?"

Taib akafungua kinywa kujibu, neno lile likamshika. Unasikia? Radhi yangu hutaisikia kinywani mwangu. Kinywani! Mama hakusema hutaisikia kabisa. Alisema kinywani, kinywa kile kile kilichompa Faris, kinywa alichokwisha kukikataa mwenyewe. Yule mwanamke mshindani, mla yamini, asiyerudi nyuma hata uzi, alikaa na shati la mwanawe magotini akatafuta upenyo katika yamini yake, akaupata, akaweka mkaa. Fundi hana la kusema. La kusema alikuwa hana, ila la kusikiwa.

"Nasikia, afande," akasema Taib, na machozi yalimtiririka hadharani, na hakuyafuta.

Meja Odera akawatawanya wengine, akabaki naye juani. Taib akaeleza kila kitu bila kuficha, shati lilivyokwenda Shela na lilivyorudi. Meja alikasirika, na haki yake. Alisema maneno makali kuhusu siri na roho za watu. Halafu akapiga chumvi kwa ncha ya buti.

"Mimi sina ugomvi na mama yako, Sajini," alisema. "Wangu alinifungia mkate wa mahindi, nikautupa njiani nikilia. Lakini nina watu hawa wote. Chagua. Ubaki na shati, au uache shati uende. Chochote kitakachotembea Kule, kisinuke."

Ee Mola. Amekaa na kiu miaka, amepewa maji, hajashusha hata funda mbili, anaambiwa mwaga. Taib akageuza uso upande wa kusini. Kisha akavua koti, akalivua shati, akasimama kifua wazi kwenye mwangaza ule mweupe.

"Naenda, afande."

"Jisugue majivu, mara tatu. Shati mpe mtu."

Alimpa Musembi. Musembi akalipokea kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto, akaingia nalo ghalani na kuufunga mlango nyuma yake. Alasiri yote Taib alijisugua majivu mpaka ngozi ikamuwasha, na kila alipojinusa mkono alijikuta hana kitu. Usingizini darajani palikuwa pale pale, na mama hakuinua macho.

Alfajiri walisali waliosali, wakavishwa. Musembi akamfungia Taib mwavuli mgongoni, akavuta mikanda, akapiga bizimu kwa kiganja. Macho ya Musembi yalikuwa mekundu, hakulala. Meja Odera alipita nyuma ya mstari, akakagua migongo, na alipofika kwa Taib akasimama. Akapiga chafya. Akamtazama Musembi, Musembi akatazama paa.

"Sajini," akasema Meja, "ukifika chini, mwavuli uzike mara moja. Chimba kwa kina."

"Ndiyo, afande." Amri hiyo ni ya siku zote, Taib hakuona ajabu.

Ndege ikapanda. Musembi alikuwamo pia, yeye haruki, kazi yake kufunga kila mtu kamba kwenye waya ulio juu ya vichwa vyao, kamba ambayo ndiyo huufungua mwavuli mtu akitoka. Ndani palikuwa na giza la kijani na ngurumo isiyokwisha, na nyuso zinatokea na kupotea. Taib alifumba macho akatembea katika Kule ya chumvi, akafika darajani, akarudi, akafika tena. Kifua chake kilikuwa kitupu mahali shati lilipokuwa. Alijiambia: uliisikia, Taib, mara moja inatosha. Lakini haikutosha, na mlango ulipofunguliwa upepo ukaingia na baridi yake, aliogopa kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuruka.

Musembi akamshika bega, akamsogezea kinywa sikioni. "Nimeukunja," alipiga kelele, "kama mama yako anavyopanga sanduku!"

Taib hakuelewa. Hakukuwa na nafasi ya kuuliza. Taa ya mlangoni ikageuka kijani, akatoka.

Aliporomoka ndani ya anga la rangi ya maziwa, dunia chini bado imelala. Kisha kamba zikavutika, juu yake kitambaa kikapiga kofi kubwa kikafunguka, pindo baada ya pindo, na kutoka katika mapindo yale yote yaliyokuwa yamefungana ikamshukia harufu.

Udi. Sandali, ambari, na sukari iliyoachwa motoni ikaungua kidogo.

Hapo ndipo alipoelewa sanduku. Yule Mkamba alililaza shati usiku kucha ndani ya mapindo ya mwavuli, nguo ikaipa nguo mwenzake harufu, na kabla ya kufunga akalitoa, kwani yeye haachi kitu ndani ya mwavuli asilani. Mwavuli hautembei Kule. Mwavuli huzikwa. Neno la Meja halikuvunjwa hata herufi.

Ilimfunika yote. Kwetu mtu akisafiri hupitishwa chini ya msahafu, mama ameunyanyua kwa mikono miwili, nawe unainama unapita. Taib alipita chini ya mwavuli ule kutoka mbinguni hadi ardhini, ananing'inia, anapepea, hana sauti. Alilia kwa raha zake, maana huko juu hakuna wa kumcheka. "Nasikia," akasema. "Nasikia, mama." Na chini yake vilima vikatokea kimoja kimoja kwenye ukungu, na mto, na daraja jembamba, kila kitu pale pale kilipokuwa, ila safari hii si chumvi.

Akatua mchangani kwa miguu miwili. Akaukusanya mwavuli haraka mikononi, akautia uso mara moja, mara moja tu, akachimba kwa kina kama alivyoambiwa. Mamake alifukiza, yeye akafukia. Aliposawazisha mchanga alijinusa viganja, vikawa havina kitu.

Akainuka, akashika njia ya darajani, njia anayoijua hata macho yakifumbwa. Na alijua, kabla hajafika, kwamba upande wa pili yule mshona kofia ameinua macho.